Jinsi ya kukusanya habari za senema za zamani za mjini kwenu (mfano wangu Unguja)

Kila anaetaka kuandika habari za senema za zamani anaanza na swali lilelile, bibi mlikuwa mnaangalia picha gani, na bibi anajibu ah mwanangu nishasahau, za kihindi tu, halafu kimya. Na wewe unafunga daftari unaondoka unasema wazee hawakumbuki. Wanakumbuka sana. Swali ndo bovu.

Mi nlianza hivohivo kwa bibi yangu mzaa mama. Siku tatu nzima nimemkalia na simu inarekodi, picha gani, nani steringi, mwaka gani, sikupata kitu. Siku ya nne nimechoka nkamuuliza tu vivi hivi, bibi, ile siku ya kwanza kwenda senema ulivaa nini? Wallahi alisimulia mpaka adhana ya magharibi. Kanga aliazima kwa nani, viatu vilikuwa vya dada yake vinambana, walipita njia gani wasionekane na mjomba wao, nani alikata tiketi, alikaa wapi, alilia wapi kwenye picha, na jina la picha likaja lenyewe katikati bila kuulizwa. Toka siku ile nkajua kwamba kitu cha kutafuta ni ile safari ya kwenda senema, manake picha yenyewe ipo, ukiitaka leo unaipata kwenye simu, lakini ule usiku wa kwenda kuiangalia hauko popote isipokuwa vichwani mwa hawa wazee, na kila mwaka tunawazika.

Kwahiyo nimeandika hapa namna mi ninavofanya. Mifano mingi ni ya Unguja manake ndo ninapopajua, lakini ukiwa Mombasa, Tanga au Dar njia ni hiyohiyo, bandari zetu zilikuwa zinakula sahani moja, meli iliyoshusha mikanda hapa ndo hiyohiyo iliyoendelea kule.

Kabla hujaenda kwa mtu yoyote kaa chini upige hesabu ya umri. Hii watu wanairuka na inawaharibia kazi yote. Mzee wa miaka 85 leo kazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwahiyo kumbukumbu zake za senema zinaanza mwisho wa miaka ya 1940 au hamsini huko. Hakuwepo jumba la senema la Royal la hapa Unguja lilipofunguliwa 1921. Akikwambia habari za Royal anakwambia alizosikia kwa mama yake au baba yake, na hizo nazo ni mali, ziandike, ila ziandike kwa jina lake, "alisimuliwa na mama yake", usizichanganye na alizoziona kwa macho. Mi daftari langu lina rangi mbili za kalamu, buluu aliyoyaona mwenyewe, nyekundu aliyoyasikia. Ukifika nyumbani na daftari jekundu tupu unajua kwamba miaka ile itabidi uitafute kwenye makaratasi.

Na jua angalau mifupa ya historia kabla hujagonga hodi, manake mzee akiona hujui kitu anachoka haraka. Kwa Unguja mifupa ni hii. Alieanzisha biashara ya kuonyesha picha ni Hassanali Adamji Jariwalla, miaka ya 1910 huko, alikuwa anaonyesha kabla hata hajawa na jumba la maana. 1921 likafunguliwa jumba la Royal pale Vuga, mchoro wa J. H. Sinclair, Muingereza huyohuyo aliechora Mahakama Kuu ya Vuga na Beit el Amani, ile makumbusho ya Mnazi Mmoja. Baadae Royal likaitwa Majestic. 1954 likaungua. 1955 likafunguliwa jengo jipya palepale, mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, na hilo ndo Majestic watu wanalolijua mpaka leo. Halafu palikuwa na Empire pale Darajani, na Sultana upande wa Malindi, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Cine Afrique. Mtu akikwambia "nlikuwa nakwenda Cine Afrique na marehemu babu yako kabla ya Mapinduzi" usimkatize kumsahihisha, anatumia jina la mwisho alilolizoea, we andika pembeni Sultana na uendelee kusikiliza.

Sasa miaka. Wazee wetu wengi hawahesabu kwa kalenda na mi nawaelewa kabisa, kwahiyo usiulize mwaka gani, uliza kabla au baada. Ilikuwa kabla ya mgomo mkubwa wa makuli, ule wa 1948? Kabla Majestic haijaungua? Sultani Khalifa alikuwa hai? (alifariki Oktoba 1960, na karibu kila mzee anakumbuka alikuwa wapi siku ile). Kabla ya machafuko ya Juni 1961? Ushaolewa au bado? Mtoto wa kwanza keshazaliwa? Ukiuliza matatu au manne hivi mwaka unajileta wenyewe, na unakuta mara nyingi bibi yuko sahihi kuliko kitabu.

Kuna na vipimo vingine vizuri vya kukamatia wakati. Kimoja ni pesa. Unguja tulikuwa tunatumia rupia mpaka mwisho wa 1935, shilingi zikaingia 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Kwahiyo mtu akikwambia baba yake alikuwa anakata tiketi kwa rupia, au ukiokota karatasi ya tangazo la senema bei iko kwa rupia na haina tarehe, ushajua ni kabla ya 1936. Ila angalia bandari, Tanganyika walishahamia shilingi 1921, kwahiyo kipimo hiki ni cha Unguja na Pemba, ukienda nacho Tanga utapotea. Kingine ni sauti. Picha ya kwanza ya kihindi yenye kusema na kuimba ilitoka Bombay 1931, kabla ya hapo zilikuwa picha bubu. Mtu anaesimulia nyimbo ndani ya picha ya kihindi anasimulia baada ya 1931, na mtu anaesema palikuwa na mtu anapiga ngoma au kinanda mbele ya pazia huku picha inakwenda, huyo kakuletea lulu, mng'ang'anie. Na kipimo cha tatu ni TV. Televisheni ya rangi ilikuja Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 na watu walikuwa wanaiangalia barazani kwa makundi, kwahiyo kuna kumbukumbu za "tulikuwa watu wengi, giza, tunaangalia picha" ambazo si za senema kabisa. Uliza tu, mlilipa? Kama hawakulipa basi huenda ni TV au ni ile gari ya serikali ya kuonyesha picha za bure kiwanjani, za kunawa mikono na kilimo. Hiyo gari nayo ina historia yake ila ni nyingine, usiitie chungu kimoja.

Tuje kwenye kuuliza, manake hapa ndo utamu wote ulipo.

Uliza kwa mpangilio wa usiku wenyewe ulivokuwa unakwenda, toka mchana mpaka kurudi nyumbani. Habari zilifikaje nyumbani kwamba kuna picha mpya? Kuna mitaa mtu alikuwa anapita na bango na ngoma au kengele, kuna waliosoma ukutani, kuna walioambiwa na muuza mkate. Wanawake waliokuwa hawatoki walijuaje? Hapo nyamaza umsikilize, manake hapo unapata mtaa mzima, madirishani, watoto wanaotumwa, shoga kwa shoga. Halafu ruhusa. Nani aliombwa ruhusa na aliombwaje, na nani hakuombwa ila alijua. Bibi yangu anasema baba yake alikuwa anakataa kwa mdomo halafu anaacha pesa juu ya meza. Huwezi kulipata hili kwenye faili la serikali hata ukikaa mwaka mzima.

Halafu nguo, na usiichukulie kidogo. Kwenda senema ilikuwa ni kutoka, na kutoka ni kuonekana. Uliza kanzu ilipigwa pasi na nani, kofia, kanga gani na jina lake ikiwa anakumbuka, buibui, manukato, asumini kwenye nywele, kikuba. Nani aliazima nini kwa nani. Mama mmoja jirani yetu aliniambia kuna jozi moja ya viatu vya kisigino ilikuwa inazunguka nyumba nne, kila Jumapili inakwenda senema kwenye miguu mingine.

Halafu njia. Hapa chukua karatasi umwambie akuchoree, au muende mkatembee kama miguu inaruhusu. Kwa watu wa Ng'ambo hii ni muhimu sana, manake enzi hizo ule mkono wa bahari uliotenganisha Ng'ambo na Mji Mkongwe ulikuwa haujafukiwa wote, umekuja kumalizika kufukiwa mwisho wa miaka ya hamsini huko, na Darajani paliitwa Darajani manake palikuwa na daraja. Kwahiyo mtoto wa Kikwajuni au Michenzani ya zamani kwenda Vuga si hatua mbili, ni safari, na usiku ni safari ya kurudi gizani. Uliza walirudi kwa kundi? Waliimba njiani? Waliogopa nini? Mi nimewahi kupata nyimbo tatu za picha zilizotafsiriwa kiswahili njiani na watoto waliokuwa hawajui hata neno moja la kihindi, wanaimba sauti ileile maneno yao. Unafika nyumbani unakuta nusu ya tarabu ya mji imeanzia barabarani humo.

Mlangoni uliza foleni, uliza mlanguzi wa tiketi, uliza nani alikuwa anaingia bure na kwanini. Uliza bei za viti na nani alikaa wapi, mbele chini ya pazia kwenye mabenchi, katikati, juu kwenye balkoni. Hapa kuwa mwangalifu na usije na jibu lako mfukoni. Bandari hizi watu wa kila kabila na kila rangi waliingia jengo moja, wakakaa chini ya paa moja, lakini bei ya kiti ilikuwa inagawa, na mji mmoja si sawa na mwingine. Kenya kwa mfano kulikuwa na picha zinaruhusiwa kwa Wazungu na Waafrika hawaruhusiwi kabisa kwa hukmu ya wakaguzi wa picha. Kwahiyo uliza wazi, ulikaa wapi, nani alikaa pembeni yako, kuna siku ulikatazwa kuingia? Ukiuliza "mlibaguliwa?" utapata ndio au hapana. Ukiuliza nani alikaa pembeni yako utapata watu wenyewe.

Na show za wanawake watupu, wengine wakiziita zanana, usikubali kutoka nyumbani kwa bibi yoyote wa pwani bila kuziuliza. Jumba zima wanawake na watoto, buibui zimevuliwa, watu wanacheka kwa sauti, wanalia kwa sauti, wanajibizana na steringi kwenye pazia. Kwa wanawake wengi wa mjini hii ilikuwa ndo mara pekee ya kukaa mahali pa watu, usiku au alasiri, bila jicho la mwanamme. Na hapa nawaambia kaka zangu waziwazi, hii sehemu mtume dada yenu. Mi nikiwepo bibi anasimulia kwa adabu, mdogo wangu wa kike akikaa nae peke yake anarudi na mambo mengine kabisa, na yote ya kweli.

Ndani uliza harufu na chakula. Karanga, kashata, mbatata za urojo nje, kahawa, nani alikuwa anauza na alisimama upande gani. Uliza intavali ilikuwa ya dakika ngapi na watu walifanya nini. Uliza mkanda ulipokatika, watu walipiga miluzi, walitukana, taa ziliwashwa? Kila mzee ana kisa cha mkanda kukatika pale steringi anapotaka kumuokoa mama yake.

Sikukuu iulize peke yake, siku nyingine kabisa ikibidi. Mwezi wa Ramadhani mambo yanapoa, halafu Idi inaingia na watoto wana pesa zao za sikukuu mkononi, wanakwenda Mnazi Mmoja, wanakwenda senema, nguo mpya, na wenye majumba walikuwa wanaweka picha kali siku hizo. Kuna wazee ambao maisha yao yote walikwenda senema siku za Idi tu, na wanakumbuka kila moja.

Picha za Misri usizisahau, watu wanauliza za kihindi na za cowboy basi. Unguja watu walikuwa wanakwenda kuwasikiliza waimbaji wa Misri kwenye pazia, na waliokuwa wanapiga kwenye vilabu vya tarabu, kama Ikhwani Safaa ambacho kipo toka 1905, walikwenda kama wanafunzi darasani. Ukimpata mzee mpiga udi au fidla muulize alikwenda mara ngapi kuangalia picha moja, na alitoka na nini kichwani. Na uhusiano na Bombay ulikuwa wa njia mbili, Siti binti Saad alikwenda kule 1928 kurekodi sahani za santuri, kwa meli, njia hiyohiyo ya bahari ambayo makopo ya picha yalikuwa yanakujia.

Kundi la pili la kutafuta ni waliofanya kazi kwenye majumba. Watu wanawasahau hawa kwasababu walikuwa nyuma ya ukuta. Mpiga mashine, mkata tiketi, mwenye tochi, mchora mabango, na yule kijana wa baskeli. Huyu wa baskeli nampenda kuliko wote. Wakati mwingine nakala ya picha ni moja na majumba mawili yanaionyesha usiku mmoja, kwahiyo jumba la kwanza likimaliza mkanda, kijana anaupakia kwenye baskeli anaukimbiza jumba la pili, anarudi kuchukua mwingine. Piga hesabu uone. Mkanda wa futi 1000 unakwenda kama dakika 11, picha ya kihindi ya saa tatu ni mikanda 16 hivi. Hata ukiiunga miwilimiwili ni safari nane usiku mmoja, vichochoro vya Mji Mkongwe, mvua ya masika, na watu mia kadhaa wanasubiri gizani wanapiga miguu chini. Ukimpata mtu aliefanya kazi hii, au mtoto wake, acha kila kitu umkalie.

Mpiga mashine muulize vitu vya mikono. Mashine iliwashwaje, mwanga ulitoka wapi (zile za zamani zilikuwa za vijiti vya kaboni vinavyoungua kwa umeme, na kulikuwa na kazi ya kuvisogeza kila mara), chumba kilikuwa na joto kiasi gani, alijifunza kwa nani, mkanda ukikatika aliunga kwa nini. Usimuulize picha gani ilikuwa nzuri, wengi walikuwa hawaziangalii, walikuwa wanaangalia mashine.

Na moto. Mikanda ya zamani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 mingi ilikuwa ya naitreti, na naitreti inashika moto kama petroli, haizimiki kwa maji. Naliweka hili hapa kwasababu kuna vijana wanafungua makabati ya babu zao. Ukikuta kopo la mkanda wa zamani, usilifungue jikoni, usilianike juani, usijaribu kuupitisha kwenye mashine. Angalia pembeni ya mkanda, kama umeandikwa SAFETY ni wa aina isiyolipuka, ukinuka kama siki unaoza lakini hauna hatari ya moto kama ya naitreti. Kama umeandikwa NITRATE, au hauna maandishi na umekuwa unanata au umefanya unga wa kahawia, weka mahali penye baridi na hewa mbali na nyumba ya kulala, na wapigie watu wa nyaraka au makumbusho. Piga picha ya kopo na karatasi zake kwanza, manake lebo ya kopo, jina la mpelekaji, mhuri wa bandari, mara nyingi ni historia kubwa kuliko mkanda wenyewe.

Sasa makaratasi, kwa ile miaka ambayo hakuna alie hai wa kuisimulia. Unguja nenda Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, uliza utaratibu wao mapema, na nenda na swali dogo. Ukisema nataka habari za senema utapewa mlima. Ukisema nataka magazeti ya 1921 mpaka 1925 niangalie matangazo utatoka na kitu. Gazeti la serikali lipo toka 1892, hilo lina sheria, leseni na mambo ya ukaguzi. Lakini uhai uko kwenye matangazo ya magazeti ya wenyewe, Samachar, Zanzibar Voice, baadae Al-Falaq. Mengi yana kurasa za kigujarati na huko ndo biashara zilikuwa zinatangazwa. Kama husomi kigujarati usiruke kurasa, piga picha ikiwa unaruhusiwa, mpelekee mzee wa Kihindi mtaani kwenu akusomee. Mi nilifanya hivo kwa mzee mmoja mwenye duka, nlikwenda na ukurasa mmoja nkatoka na tafsiri, chai, na kisa cha baba yake kuuza soda mlangoni mwa senema.

Ukisoma faili za wakoloni soma kwa akili. Zinaandika watu pale walipokuwa tatizo tu. Utakuta kurasa na kurasa za wasiwasi, watoto wataiga wezi, picha fulani itaharibu heshima ya Mzungu, moto, milango ya dharura. Mtu aliekwenda senema akacheka akarudi akalala hakuandikwa. Kwahiyo faili tumia kwa tarehe, majina ya majumba, sheria, bei, na ramani, halafu rudi kwa bibi kwa maisha.

Kitu kimoja cha saa. Tangazo la kizungu linasema 9.00 p.m., bibi anasema saa tatu usiku, hapo hamna shida. Lakini Unguja ya zamani watu wengi walikuwa wanahesabu toka jua linapozama, magharibi ndo saa kumi na mbili kamili, kwahiyo usishtuke ukikuta tofauti ya dakika kadhaa, na uliza show ilikuwa kabla au baada ya isha, hilo halikosei.

Nenda ukaliangalie jengo. Majestic bado lipo na kuna watu wanapigania lifufuliwe, majumba mengine yamekuwa maduka au maghala. Simama nje upige picha pande zote, tafuta dirisha dogo la kukatia tiketi, tafuta matundu ya chumba cha mashine, angalia mlango wa balkoni uko wapi na mlango wa mabenchi uko wapi, manake mara nyingi ni milango tofauti, barabara tofauti, na hiyo peke yake ni jibu la lile swali la nani alikaa wapi. Ukiweza mlete mzee pale pale. Mi nilimpeleka mjomba wangu mbele ya Majestic, mtu ambae alikuwa amenijibu maneno kumi nyumbani, akasimama akaweka mkono ukutani akaanza kuhesabu watu, hapa alikaa fulani na ndoo ya karanga, hapa foleni ilikata kona, hapa mi na wenzangu tulikuwa tunapanda ukuta. Saa nzima na nusu kwenye jua.

Mambo ya kurekodi ni mepesi. Simu inatosha, iweke juu ya kitambaa si juu ya meza tupu, zima feni kama bibi anavumilia joto, na mwanzoni kabisa sema tarehe na mahali. Omba ruhusa ya kurekodi kwanza, halafu ukimaliza omba tena ruhusa ya kutumia, ni ruhusa mbili tofauti. Kuna bibi alinikubalia ya kwanza akaninyima ya pili kwasababu alimtaja mtu aliewahi kukaa nae balkoni kabla hajaolewa, na mimi nimeitia rekodi ile kwenye bahasha haitoki. Majina ya watu usiyatangaze. Usihariri lafudhi, akisema "senema" andika senema, akisema "bioskopu" andika bioskopu, neno analolitumia ni ushahidi wa wapi na lini alilisikia. Na usiweke faili moja kwenye simu moja, simu zinaibiwa, weka sehemu tatu na moja iwe kwa mtu wa nyumba nyingine.

Baada ya wiki mbili rudi. Umeshaandika, msomee au msikilizishe mwenyewe. Hapa ndo wengi wanaacha na hapa ndo ninapopata nusu ya kazi yangu. Bibi yangu niliporudi nkamsomea kisa chake cha siku ya kwanza, alisikiliza kimya mpaka mwisho, akasema umekosea, viatu vilikuwa vyangu, nlimwambia dada ni vyake ili asinidai. Halafu akasema na picha nayo haikuwa ile, ile ilikuwa ya pili, ya kwanza tulifika imeshaanza tukakaa chini mbele kabisa shingo zinatuuma, shika kalamu niseme vizuri.